Siku mbili Fukuoka ukiwa peke yako

Kwetu Tanga, ukionekana unakula peke yako hotelini siku mbili mfululizo, siku ya tatu kuna mtu atavuta kiti akuulize kama nyumbani ni kwema. Japani hakuna atakayekuuliza. Wenzetu wamemtengea mtu mmoja nafasi yake: kaunta yenye viti kumi, chumba cha hoteli chenye kitanda kimoja chembamba, mashine inayokuuzia tiketi ya chakula bila kutaka kujua umekuja na nani. Mimi nilisoma Osaka, na mwaka mzima wa kwanza wikendi zangu ziliishia chumbani kwa sababu nilikuwa nasubiri mtu wa kufuatana naye. Nilipochoka kusubiri nilikwenda Fukuoka. Nimerudi huko mara tatu, na kila mara peke yangu.

Kwa nini Fukuoka? Kwa sababu inaenea kwenye siku mbili. Tokyo haienei, na Kyoto siku za Jumamosi utaona migongo ya watalii kuliko mahekalu. Fukuoka iko kisiwa cha Kyushu, kusini-magharibi mwa nchi, ina watu zaidi ya milioni 1.6, ina bahari, na uwanja wake wa ndege uko karibu na katikati ya mji kiasi kwamba treni ya chini ya ardhi inakufikisha stesheni kuu kwa dakika tano au sita. Viza sitaizungumzia, kama unatoka Dar es Salaam au Nairobi, hiyo ni kazi ya kumaliza ubalozini mapema kabla ya kufikiria haya mengine.

Hatua ya 1: Jua jina la stesheni

Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Stesheni kuu ya Fukuoka haiitwi Fukuoka. Inaitwa Hakata. Zamani ilikuwa miji miwili, mto Naka ukiwa katikati: upande mmoja Fukuoka, mji wa ngome na masamurai, upande wa pili Hakata, mji wa wafanyabiashara. Mwaka 1889 ikaunganishwa. Mji ukapewa jina la Fukuoka, stesheni ikachukua la Hakata, na mpaka leo ndivyo ilivyo. Stesheni yenye jina la Fukuoka ipo pia, lakini ni ya treni za kampuni ya Nishitetsu, mtaa wa Tenjin, na Shinkansen, ile treni ya mwendo kasi, haifiki huko. Kwa hiyo ukikata tiketi ya Shinkansen, andika Hakata. Kutoka Shin-Osaka ni kama saa mbili na nusu, kutoka Tokyo ni kama saa tano.

Ukija kwa ndege kutoka nje ya nchi utashukia jengo la kimataifa, ambalo halina treni. Panda basi la bure hadi jengo la safari za ndani. Treni ya chini ya ardhi iko hapo chini, na nauli hadi Hakata ni yen 260.

Hatua ya 2: Kata chumba, ila angalia tarehe kwanza

Tafuta zile hoteli wanazolala wafanyakazi wa safari za kikazi. Chumba ni kidogo, ukifungua begi sakafuni unaliruka kwenda msalani, lakini ni kisafi, kina birika la umeme na nguo ya kulalia imekunjwa kitandani. Siku za kawaida nilikuwa nalipa kati ya yen 7,000 na 9,000. Jumamosi bei inapanda, na kukiwa na tamasha kubwa la muziki mjini inapanda mpaka unadhani wamekosea sifuri. Ukiona bei zimeruka bila sababu, sogeza safari wiki moja mbele. Kuna pia kodi ya malazi, yen 200 kwa usiku kwa chumba cha chini ya yen 20,000.

Ukifika watakuomba pasipoti na kuitoa nakala. Usichukie. Ni sheria kwa mgeni asiye na makazi Japani, na nje ya hoteli pia unatakiwa utembee nayo mfukoni. Mkazi anatembea na kadi yake ya ukaazi.

Mahali pa kulala: karibu na stesheni ya Hakata au Gion, mtaa unaofuata. Nakasu, kisiwa kidogo katikati ya mto, ni pazuri kwa kupita, lakini mitaa yake ya ndani ni ya starehe za usiku, na wapo vijana wanaosimama njiani kuvuta wateja. Usiwajibu. Endelea na safari yako.

Hatua ya 3: Begi na mfuko

Chukua begi moja la mgongoni. Ndani ya treni lihamishie kifuani au lishike mkononi.

Umeme wa Japani ni volti 100 na plagi ni ya pini mbili bapa. Plagi zetu za pini tatu nene hazitaingia, kwa hiyo nunua adapta kabla hujaondoka. Chaja ya simu haitasumbua, nyingi zinapokea kuanzia volti 100. Pasi uliyotoka nayo nyumbani iache. Itapata uvuguvugu tu.

Fedha taslimu zina kazi bado, hasa kwenye vibanda vya chakula na mahekaluni. ATM za ndani ya maduka ya 7-Eleven zinapokea Visa na Mastercard za nje na zina maelezo ya Kiingereza. Kisha nunua kadi ya usafiri. Hapa utakutana na majina matatu, SUGOCA, nimoca na Hayakaken, kila kampuni na yake, na utasimama mbele ya mashine ukijiuliza ipi ni ipi. Yoyote. Zinafanya kazi kwenye treni na mabasi ya zenzake, na kama tayari una Suica ya Tokyo au ICOCA ya Osaka, itumie hiyo hiyo. Amana ni yen 500. Kadi hizo zinalipia hata maji dukani.

Na vaa soksi nzima. Utavua viatu kwenye mahekalu kadhaa na kwenye baadhi ya migahawa, na soksi iliyotoboka kidole gumba haina pa kujificha.

Hatua ya 4: Jifunze maneno matano kwa mdomo wako wa Kiswahili

Hii ni faida yetu na wengi hatuijui. Irabu za Kijapani ni tano, a, e, i, o, u, na maneno mengi yanaishia na irabu kama ya kwetu. Soma Hakata, Nakasu, Kushida, kama unavyosoma Korogwe. Mzungumzaji wa Kiingereza anahangaika wiki nzima. Wewe utaeleweka mara ya kwanza.

"Sumimasen" ni samahani, hodi na asante ndogo kwa pamoja. "Hitori desu" ni "niko mmoja", na utaisema kila mlangoni huku ukiinua kidole. "Kore o kudasai" ni "naomba hiki", ukionyesha picha. "Butaniku wa tabemasen" ni "sili nyama ya nguruwe". "Hai" ni ndiyo.

Kuna jambo moja litakutatiza. Ukiingia dukani au mgahawani, wafanyakazi wote watapaza sauti "Irasshaimase!", yaani karibu. Sisi tuliolelewa kuitikia salamu tunashikwa na haya tusipojibu. Lakini hawangoji jibu, na ukijibu kwa maneno utawashangaza. Mimi ninainamisha kichwa kidogo, na roho yangu inatulia.

Hatua ya 5: Elewa saa zao

Wao wanahesabu saa 24, na wakati mwingine wanapitiliza. Kibanda kimeandika 18:00–25:00. Usidhani mwenye kibanda amekunywa: saa 25 ni saa moja baada ya usiku wa manane, kwa hesabu yetu saa 7 usiku. Kwa hiyo kibanda kinafunguliwa saa 12 jioni na kufungwa saa 7 usiku. Treni hazikeshi hivyo. Za mwisho zinaondoka karibu na saa 6 usiku. Ukichelewa unatembea kwa miguu au unalipia teksi.

Hatua ya 6: Kula

Hapa nitakaa kidogo, maana watu wa Japani wenyewe wanakwenda Fukuoka kwa ajili ya tumbo.

Chakula kinachoutambulisha mji ni rameni ya Hakata: tambi nyembamba ndani ya supu nyeupe kama maziwa, iliyochemshwa kwa mifupa kwa saa nyingi. Mifupa hiyo ni ya nguruwe. Nasema wazi kwa sababu kwenye picha hutaona kitimoto, utaona supu tu. Kama unakula, utaratibu ni huu: tia fedha kwenye mashine mlangoni, bonyeza kitufe chenye picha, peleka tiketi kaunta. Watakuuliza tambi ziwe ngumu kiasi gani. "Kata" ni ngumu, "barikata" ni ngumu zaidi. Tambi zikiisha na supu ikabaki, sema "kaedama" uongezewe tambi kwa bei ndogo. Kwa hiyo supu usiimalize mapema. Ichiran, mgahawa uliosambaa duniani kutokea mji huu, umegawa kaunta yake kwa vibao hata humwoni jirani yako. Wengine wanaona ni huzuni. Mimi niliona ni amani.

Kama huli nguruwe, mkimbilio wako ni udoni. Ni tambi nene za ngano, laini, kwenye mchuzi wa samaki na mwani, na juu yake vipande vya mzizi wa gobo vilivyokaangwa. Wenyeji wanaupenda udoni huu kuliko wanavyowaambia wageni. Lakini uliza: mchuzi wa soya na viungo vingine vinaweza kuwa na kileo ndani, na baadhi ya wapishi wanatia nyama. Kwa mwenye kufuata masharti kamili, kuna msikiti wa Fukuoka mtaa wa Hakozaki, uliofunguliwa mwaka 2009, wa kwanza katika Kyushu. Swali Ijumaa pale kama umefika mapema, kisha waulize waumini wanakula wapi. Watakujibu kwa furaha, na hiyo ndiyo orodha ya migahawa isiyopitwa na wakati.

Sasa mtego. Motsunabe, matumbo ya ng'ombe na kabichi kwenye chungu kinachochemkia mezani, ni chakula ambacho mtu wa utumbo na supu ya makongoro atakielewa bila mkalimani. Nilikwenda kukitafuta usiku wangu wa kwanza. Nikasema "hitori desu" kwa fahari. Mhudumu akainama, akaonyesha menyu: kuanzia watu wawili. Nikatoka. Mgahawa wa pili, hivyo hivyo. Nikaishia kwenye konbini, yale maduka madogo yanayokesha, nikala wali wa kufungwa kwa mwani nimesimama nje. Chungu ndicho chakula ambacho mtu mmoja anasumbuka nacho. Ukikitaka, chagua kimojawapo: tafuta kabla ya safari mgahawa unaoandika kwamba unapika cha mtu mmoja, au agiza cha wawili ulipe cha wawili. Safari ya tatu nililipa cha wawili, na nilikimaliza.

Halafu vibanda, yatai. Kuna vibanda kama mia moja mjini, vimepangwa kandokando ya mto huko Nakasu, na kandokando ya barabara huko Tenjin na Nagahama. Jioni vinasukumwa, vinafunguliwa, viti vinane au tisa vinapangwa, taa zinawashwa. Kabla ya mapambazuko vimeondolewa na barabara imefagiliwa. Kwa aliyezoea Forodhani haitakuwa ajabu, ila hapa unakaa bega kwa bega na mpishi mbele yako. Jiji lilitunga kanuni zake mwaka 2013 na bei zinatakiwa zionekane. Taratibu za kiti: uliza kwa kuonyesha kidole kimoja, agiza angalau kinywaji kimoja na chakula kimoja (chai baridi inakubalika, si lazima bia), lipa taslimu, na usikae sana kama watu wanasubiri. Hakuna choo, nenda kabla. Mvua kubwa ikinyesha vingi havifunguki. Ukiwa mmoja una bahati, maana kiti kimoja hakikosekani, wakati kundi la wanne linasubiri saa nzima. Na hapa ndipo mahali pekee Japani ambapo wageni nisiowajua walinianzishia mazungumzo.

Hatua ya 7: Jumamosi, mjini

Anzia Gion. Hekalu la Tocho-ji lina sanamu ya Budha ya mbao aliyeketi, urefu mita 10.8, iliyomalizwa mwaka 1992. Chini yake kuna njia: kwanza picha za jehanamu, kisha giza tupu, unashika ukuta na kusonga. Mtu mmoja gizani anajifunza haraka kama ana ujasiri. Mimi nilisoma Ayatul Kursiy.

Tembea kidogo hadi Joten-ji, ambako kuna jiwe linalotangaza kwamba udoni na soba (aina nyingine ya tambi) za Japani zilianzia hapo. Hadithi ni ya mtawa Enni, aliyerudi kutoka China mwaka 1241 na ujuzi wa kusaga nafaka. Inasimuliwa pia kwamba mwaka huo huo aliupitia mji uliokuwa na tauni akinyunyiza maji juu ya jukwaa lililobebwa mabegani, na ndio mwanzo wa sherehe ya Yamakasa. Ukienda Kushida, hekalu la Kishinto, dini ya asili ya Japani, lililo karibu, utaona mnara wa sherehe hiyo uliopambwa, mrefu kuliko nyumba. Mbio zenyewe, watu wakiwa wamebeba majukwaa mabegani, ni tarehe 15 Julai, saa 10 na dakika 59 alfajiri, si dakika moja mbele. Ukiitaka siku hiyo, chumba ukate miezi mingi kabla.

Mchana panda treni ya chini ya ardhi kwenda Ohorikoen, bustani yenye ziwa ambalo ukilizunguka umetembea kilomita mbili. Kaa kwenye benchi. Magofu ya ngome yako jirani, panda juu uone mji.

Stesheni mbili mbele ni Nishijin, kisha kutembea robo saa hadi makumbusho ya jiji. Hakikisha kwanza siku na saa za kufunguliwa; Jumatatu hufungwa. Nenda moja kwa moja kwenye muhuri wa dhahabu. Ni kidogo mno, sentimita 2.3 kila upande, gramu 108, na ulitolewa na mfalme wa China mwaka 57 kwa mtawala wa nchi ya Na, iliyokuwa sehemu hizi. Uliokotwa kisiwa cha Shikanoshima mwaka 1784. Watu wanaingia, wanautazama nusu dakika, wanaondoka. Ukiwa peke yako hakuna wa kukuharakisha, na kitu kidogo kiasi hicho kinataka muda.

Hatua ya 8: Jumapili, Dazaifu

Acha begi kwenye makabati ya sarafu stesheni kabla ya saa 3 asubuhi; baadaye hujaa. Kisha nenda ile stesheni ya Tenjin yenye jina la Fukuoka, panda treni ya Nishitetsu, badilisha Futsukaichi. Yote ni kama nusu saa.

Hekalu la Dazaifu Tenmangu ni la Sugawara no Michizane, msomi na ofisa aliyesingiziwa akafukuzwa Kyoto mwaka 901, akafa hapa mwaka 903. Wanasema ng'ombe aliyevuta mwili wake aligoma kwenda mbele, wakamzika pale pale. Ndiyo maana kuna sanamu za ng'ombe kila upande, na wanafunzi wanazisugua vichwa waombe kufaulu mitihani. Mtahiniwa utamjua kwa uso. Jengo kuu, la mwaka 1591, liliingizwa kwenye ukarabati mkubwa mwaka 2023, na mbele yake ukajengwa ukumbi wa muda wenye miti juu ya paa. Utakachokikuta kinategemea umefika lini.

Njiani kuna maduka yanayochoma umegae mochi, kitumbua bapa cha unga wa mchele chenye maharage matamu ndani. Nunua kimoja kikiwa moto, ukile hapo hapo. Kula huku unatembea ni jambo wasilolipenda. Kisha panda ngazi za umeme kupitia handaki hadi Makumbusho ya Taifa ya Kyushu, yaliyofunguliwa mwaka 2005. Ukichoka, yaache.

Hatua ya 9: Mambo ya njiani

Magari yanapita kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo tazama kulia kwanza. Msomaji wa Kigali, Bujumbura au Kongo ajihadhari. Utaziona Noah na Probox, lakini Probox kule inabeba mafaili ya ofisi na mtu mmoja. Kwenye basi unaingia mlango wa kati au wa nyuma, unagusisha kadi au unachukua karatasi yenye namba, unalipa ukishuka mbele. Mapipa ya taka ni adimu. Taka zako tembea nazo. Bakshishi usiache, watakukimbiza kukurudishia. Polisi ni 110, gari la wagonjwa na zimamoto ni 119.

Na hili nisiliruke: ndani ya treni kiti cha pembeni yako kinaweza kubaki kitupu huku watu wamesimama. Si kila mara, lakini kitatokea. Mara ya kwanza kiliniuma safari nzima. Siku hizi nanyoosha goti.

Jioni chukua begi lako na uende uwanjani au kwenye Shinkansen. Kadi ya usafiri usiirudishe kwa ajili ya ile amana ya yen 500. Isipotumika inakaa miaka 10 kabla ya kufungwa. Yangu ina yen 340.